Dari Iliyoshushwa Kabla ya Mabomu

Dari ya Kanisa la Mtakatifu Mikaeli, mjini Hildesheim, Ujerumani, niliitazama mara ya kwanza kwa kuinama. Mle kanisani kuna kioo kilichowekwa juu ya kimeza cha magurudumu. Ukiangalia chini unaona yaliyo juu. Mpwa wangu alikisukuma polepole, nami nikakifuata nimeinamisha kichwa kama mtu aliyedondosha sindano. Ndani ya kioo zikawa zinapita mbao, moja baada ya moja: nyekundu, buluu, kijani, ndevu za mfalme, jani lililojikunja, kiganja cha mkono. Nilipoinua uso kuitafuta dari yenyewe ilikuwa mbali mno, na shingo ikaniuma. Nikarudi kwenye kioo.

Mimi ni seremala. Nimezaliwa Unguja, nikakulia mtaa wa Malindi, na patasi ya kwanza nilipewa na marehemu babu kabla sijaanza skuli. Kwa zaidi ya miaka thelathini riziki yangu imetoka kwenye milango, madirisha na ngazi za nyumba za Mji Mkongwe. Basi nilipoambiwa kwamba dari ile imeungwa kwa mbao za mwaloni zipatazo 1,300, kwamba michoro yake ni ya karne ya 13, na kwamba kanisa lenyewe liliungua kwa mabomu mwaka 1945, lililonijia ni swali la kifundi: imeponaje? Moto haujui ubao wa kale wala ubao wa jana.

Nilikuwa Hannover kwa wiki tatu, kwa binti wa dada yangu, muuguzi, nimekwenda kumwona mtoto wake mchanga. Siku yake ya mapumziko akaniambia, "Mjomba, nimekutembeza madukani mpaka umechoka. Leo nakupeleka penye mbao." Kwa treni ni kama nusu saa tu. Mlangoni mwa kanisa nilisita, nikamuuliza adabu ya mahali pale. "Vua kofia tu, Mjomba." Kwetu msikitini tunavua viatu, kofia tunabaki nayo. Pale nilishika kofia mkononi, nikaingia na viatu, na kila hatua yangu niliisikia ikienda mpaka mwisho wa jengo.

Kwa nje kanisa lile linafanana na ngome. Liko juu ya kilima kidogo, kuta nene, madirisha madogo, na minara sita: miwili mikubwa ya mraba, minne myembamba ya duara yenye ngazi ndani. Aliyelianzisha ni Askofu Bernward, na jiwe la msingi ni la mwaka 1010. Aliliweka wakfu tarehe 29 Septemba 1022, siku ya Malaika Mikaeli, likiwa bado halijakamilika, na Novemba ya mwaka uleule akafariki. Askofu aliyemfuatia, Godehard, ndiye aliyelimaliza, mwaka 1033. Ujenzi wa enzi hiyo wataalamu wanauita Kiromaneski, na alama yake ya kwanza ni tao la nusu duara kamili. Yale matao yaliyochongoka juu ni ya makanisa yaliyokuja baadaye.

Ndani, matao hayo yamepangwa kwa mawe mekundu na meupe yanayopokezana. Nguzo mbili za duara, kisha mhimili mmoja mnene wa mraba, nguzo mbili tena, mhimili tena. Nilihesabu kwa kidole kama mtoto anayejifunza alifu. Halafu mpwa wangu akanisomea kwenye karatasi ya wageni jambo lililonifurahisha kuliko rangi zote: pale ukumbi mrefu unapokutana na mkono wa kanisa unaoukatiza panatokea mraba, na ukumbi wenyewe ni miraba mitatu kama huo. Askofu alilipima kanisa zima kwa kipimo kimoja. Hilo nililielewa bila mkalimani. Kwetu kipimo cha nyumba ni boriti. Mti wa mkoko haukupi boriti ndefu kuliko pale ulipofika, na chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti yake. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, katika nyumba ya tajiri na ya maskini. Ukishajua kipimo cha jengo, jengo linaanza kuzungumza nawe.

Pale mlangoni alikaa bibi mmoja mwenye mvi, aliyejitolea kupokea wageni. Aliniona nimesimama kwenye nguzo moja kwa muda mrefu, nimeiwekea kiganja, akaja kuuliza kama ninaumwa. Mpwa wangu akamwambia, "Mjomba wangu ni fundi wa mbao kutoka Zanzibar." Yule bibi akavuta kiti, akakaa, akatusimulia.

Tarehe 22 Machi 1945, mchana, ndege za Uingereza na Kanada zilikuja juu ya Hildesheim na mabomu ya kulipua na ya kuchoma. Haikuchukua hata nusu saa. Nyumba nyingi za mji wa kale zilikuwa za fremu za mbao zilizojazwa udongo na matofali, zimebanana, na zikawaka kama biwi la makuti. Walikufa watu mamia kwa mamia. Vita vilikwisha Ulaya tarehe 8 Mei, hazikutimia wiki saba. Hizo wiki saba ndizo zilizonikaa moyoni njia nzima ya kurudi. Kanisa lililosimama zaidi ya miaka mia tisa, likapita moto wa mwaka 1162 na mageuzi ya dini na minara iliyoporomoka, lilibakisha wiki saba tu kuvuka vita, na halikuvuka. Kilichobaki kilikuwa kuta zilizovunjika na nguzo zilizoungua.

Lakini dari haikuwemo. Ilikuwa imeshushwa tangu 1943.

Nilimwomba mpwa wangu aulize tena huo mwaka, maana nilidhani nimesikia vibaya. Bibi akauandika kwa kidole hewani: moja, tisa, nne, tatu. Miaka miwili kabla ya mabomu kuushukia mji ule namna hiyo, watu walijenga jukwaa la kazi ndani ya kanisa zima, wakapanda, wakaishusha dari yenye urefu wa mita 27 na upana wa karibu mita 9, wakaipeleka mahali salama. Paa la juu wakaliacha, kuta wakaziacha, kwa kuwa havibebeki. Walichukua kinachobebeka.

Msomaji ambaye hajawahi kushusha dari ya kale huenda asione uzito wake. Ubao wa mwaloni uliokaa juu miaka mia saba umekauka mpaka umekuwa mgumu kama pembe, ila kingo zake zinapukutika. Msumari wa zamani umeshikana na ubao kwa kutu. Ukiuvuta kwa pupa unang'oka na kipande cha rangi, pengine ndicho jicho la mtu. Inabidi ukate msumari nyuma, au uulegeze kidogo kidogo, huku mwenzako ameubeba ubao kwa viganja viwili asiuache ukainama. Huo ni ubao mmoja. Na hao walifanya kazi hiyo katikati ya vita, wakati vijana wako mstari wa mbele na kila jukwaa na kila gari lina kazi nyingine inayolingojea. Sijui majina yao, na bibi hakuyataja. Nawaombea wote.

Nikamuuliza bibi: kila ubao ulijuaje pa kurudi? Hakujibu kwa maneno. Alinishika mkono wa koti, akanirudisha kwenye kioo, akakisukuma mpaka chini ya mahali mzabibu unapokatiza kutoka ubao hadi ubao, akaninyooshea kidole. Shina linaingia kwenye kiungo na kutokea upande wa pili palepale linapotakiwa. Hakuna kichwa cha binadamu kinachobeba mbao 1,300. Kulikuwa na mkono ulioandika.

Hapo ndipo nilipolikumbuka jambo ambalo kwa miaka tisa sikuwa nimemwambia mtu.

Familia moja ya mtaani kwetu iliniletea mlango wa nyumba yao uliokuwa unaoza chini. Mlango wa mti wa mfenesi, fremu yake imezungukwa na pindo la majani: tawi moja linapanda kulia, moja linapanda kushoto, yanakutana katikati juu. Niliufungua wote. Nikaupanga uani kipande juu ya kipande, na sikuweka alama hata moja, kwa sababu nilijiamini. Wiki ile mke wangu alilazwa hospitali. Nilikaa siku kumi na saba sijaingia karakana. Mvua ilinyesha, mtu akavisogeza vipande vipate kivuli, mtoto wa jirani akachukua kimoja akawashia moto wa mama yake. Niliporudi, nilikuwa na rundo la vijiti vya majani vinavyofanana, na kimoja hakipo.

Niliuunga kwa kukisia. Kile kilichopotea nilikichonga upya, kisha nikakipaka mafuta na masizi mpaka kikafanana na vingine, ili mtu asijue. Siku ya kukabidhi, bi mkubwa wa nyumba ile, ambaye macho yake yalikuwa yameshafifia, alipitisha mkono juu ya fremu kutoka chini kwenda juu, pande zote mbili. Akasema, "Fundi, mbona majani yanakimbiana?" Nilikuwa nimegeuza pindo la kulia nikaliweka kushoto. Nilimjibu kwamba ndivyo ulivyokuwa. Yeye alizaliwa ndani ya mlango ule, nami nikamwambia kwamba hakumbuki vizuri. Alinyamaza, akanilipa pesa yangu yote.

Mbele ya kile kioo nilizisikia tena sauti yake na sauti yangu.

Nisiache kusema dari inasimulia nini, maana watu wengi kwetu wanadhani ndani ya kanisa la Ulaya hatutamkuta tunayemjua. Mwanzoni wapo Adamu na Hawa, na nyoka. Kisha mzee Yese, baba yake Nabii Daudi, amelala, na kutoka mwilini mwake unaota mti. Mti unapanda dari nzima: wafalme wanne, na wa kwanza wao ni Daudi na mwanawe Suleiman, kisha Bi Maryamu, mwisho Nabii Isa. Pembeni wamezungukwa na manabii na mababu. Ni mti wa nasaba. Kwetu pwani nasaba huandikwa kwenye karatasi, ikakunjwa, ikafichwa sandukuni pamoja na hati ya nyumba. Hawa waliitandaza juu ya vichwa vya wanaoswali chini yake. Nilisimama pale nikawa nawataja mmoja mmoja kwa majina ya chuoni, na mpwa wangu akawa ananipa majina ya kwao, na bibi akawa anaitikia kwa kichwa kila jina lilipokutana na jina.

Ile picha ya mwisho, ya Isa, si ya mkono uleule. Karne ya 17 mnara mmoja wa kanisa uliporomoka, ukaivunja picha hiyo. Mle ndani palikuwa pia na vizuizi viwili vya ukuta vilivyochongwa malaika, na cha upande mmoja hakipo tena. Kizuizi cha upande wa pili kingali kinaonekana mpaka leo. Waliochora upya hawakujaribu kujifanya mafundi wa karne ya 13. Rangi ni nyingine, mkunjo wa nguo ni mwingine, ukiangalia kwa makini unajua hapa palivunjika. Na nguzo ni hivyohivyo. Zipo zenye vichwa vitupu vya mchemraba kama za enzi ya Bernward, na zipo zilizochongwa majani na nyuso baada ya moto wa karne ya 12. Kanisa halikuficha umri wa kiungo chake chochote. Mimi nilitumia masizi.

Ukarabati ulianza mapema, nchi ikiwa bado na njaa na watu wanaishi mahandakini. Ukumbi mkuu ulifunguliwa tena kwa ibada mwaka 1950, kazi ikaendelea upande wa mashariki kwa miaka kadhaa, na kufikia 1960 dari ilikuwa imesharudi juu. Mwaka 1985 kanisa, pamoja na kanisa kuu la mji ule, likaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Katika kujenga upya walifanya uamuzi mmoja mzito, na juu ya huo nimebishana na nafsi yangu mpaka leo. Lile kanisa lililopigwa mwaka 1945 lilikuwa limeshabadilika mara nyingi; kila kizazi kiliongeza na kupunguza. Wajenzi hawakulirudisha hapo. Walirudi nyuma mpaka kwa Bernward, wakasimamisha umbo la karne ya 11. Kwa hiyo kanisa la leo liko karibu zaidi na la mwaka 1022 kuliko lilivyokuwa asubuhi ya siku ya mabomu. Jengo limetakata, linasomeka kama sentensi moja. Lakini watu wa karne zile za katikati nao walisali mle, nao walitoa sadaka zao, na kazi ya mikono yao haikurudishwa.

Swali hili si la Wajerumani peke yao. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga kwa mizinga ikulu ya Unguja kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Hukm ikaharibika kabisa, na mnara wa taa uliokuwa mbele ya bahari nao. Beit el Ajaib, iliyojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, ikasalimika na majeraha. (Seyyid Khalid, aliyekuwa amekikalia kiti cha usultani, alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani, nao wakamvusha Dar es Salaam. Nilimsimulia yule bibi, akashangaa kuwa nchi yake imo katika kisa chetu.) Mnara mpya ulipojengwa, uliunganishwa na uso wa Beit el Ajaib, na huo ndio mnara wenye saa niliokua nikiutazama. Kisha tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, sehemu kubwa ya jengo ikaporomoka na mnara wake, na watu wawili wakafa. Nililia siku ile, na sioni haya kusema.

Je, turudishe Beit el Ajaib ya 1883, isiyo na mnara, au ya baada ya mizinga? Mimi nasema mnara urudi. Ulizaliwa na kovu, na kovu ni letu. Lakini ninawaelewa wale wa Hildesheim waliochagua kinyume. Huenda baada ya yote yaliyofanywa kwa jina lao katika miaka ile walihitaji kusimama mahali palipojengwa na mtu asiyekuwa na sehemu katika hayo.

Nasema hivyo kwa sababu ya nilichokiona baadaye siku hiyo. Baada ya kanisa tulishuka kwa miguu kuelekea kusini mwa mji, mahali ambapo nyumba za fremu za mbao zilinusurika. Nilikuwa na furaha ya mtoto: viungo vya ulimi na tundu vimeshikwa kwa misumari ya mti, mihimili imepinda lakini haijaachia. Tukafika mtaa wa Lappenberg. Hapo palikuwa na sinagogi. Lilichomwa Novemba 1938, na halikuchomwa na ndege ya mtu yeyote. Lilichomwa na watu wa nchi hiyohiyo, zaidi ya miaka sita kabla ya mabomu. Leo pana jiwe la kumbukumbu, na misingi ya jengo inaonekana ardhini. Halikujengwa tena. Kanisa lilipata dari yake, mafundi wake, fedha zake na miaka yake kumi na zaidi ya kazi, kwa sababu waliokuwa wakisali ndani yake walikuwapo wa kuliomba. Hapa waliokuwa wakisali walifukuzwa na kuuawa. Mpwa wangu alisukuma kigari cha mtoto taratibu kuzunguka pale, na hatukusema kitu mpaka tulipofika kona.

Lazima nitaje milango, la sivyo mafundi wenzangu hawatanisamehe. Katika kanisa kuu, ambalo nalo liliharibiwa siku ileile na kujengwa upya, ipo milango ya shaba nyeusi ya Bernward ya mwaka 1015. Kila ubawa una urefu wa mita 4.72, na ulimiminwa mara moja, kipande kimoja. Nayo iliondolewa wakati wa vita ikafichwa. Ina picha kumi na sita, nane kila upande. Ubawa wa kushoto hadithi inaanzia juu, kuumbwa kwa Adamu, inashuka mpaka chini kabisa pale Kaini anapomuua Abeli. Ubawa wa kulia inaanzia chini, malaika anapomjia Maryamu, na inapanda. Kushoto inashuka, kulia inapanda, na picha zinazotazamana zinajibizana. Nilitafakari: fundi akizibadilisha mbawa hizi, kulia ikawa kushoto, kila kitu kitafunga, bawaba zitacheza, na milango itakuwa imenyamaza.

Nyuma ya kanisa kuu umeota mwaridi maarufu, unaopanda ukutani. Uliungua siku ile, ukafukiwa na kifusi, na wiki chache baadaye mizizi ikatoa machipukizi. Watu wa mji wanausimulia sana, na ninaelewa kwa nini. Ila mwaridi ulijiokoa wenyewe. Mimi nilikuwa bado nawafikiria walioshusha mbao.

Niliporudi Unguja nilikaa wiki moja bila kwenda kule nyumbani kwa bi mkubwa. Ya pili nikaenda. Yeye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, mwaka mmoja na nusu nyuma. Nilimkuta binti yake, naye ni mama wa watu wazima. Nilimweleza yote palepale barazani: kwamba mama alikuwa sahihi, majani yalikimbiana, nami nilimwambia hakumbuki, na kwamba kipande kimoja si cha zamani, nilikipaka masizi. Niliomba ruhusa ya kuufungua mlango tena bila malipo. Alinitazama kwa muda. Akasema, "Mama alikuwa anapitisha mkono hapo kila siku akitoka. Kila siku, mpaka alipolala." Kisha akasema, "Haya, fungua."

Safari hii nilikwenda na kijana ninayemfundisha. Kabla ya kugusa patasi tuliupiga picha mlango mzima, kisha nikauchora kwenye daftari kipande kwa kipande. Kila pindo lilipotoka, kijana aligeuza nyuma akaandika: KL 1, KL 2, KL 3, kulia kutoka chini, KS 1, KS 2, kushoto kutoka chini. Nyuma ya kipande kimoja tulikuta alama ya zamani, mikato mitatu ya ncha ya kisu, ya fundi aliyetutangulia. Yeye alikuwa ameweka namba. Nilikuwa nimekishika kipande kile miaka tisa nyuma, na sikukigeuza.

Tulivipanga upya kwa kufuata mikato yake. Tawi la kulia likapanda kulia, la kushoto likapanda kushoto, na pale katikati juu majani yakakutana ncha kwa ncha. Binti wa marehemu alipitisha mkono, akafika katikati, akasimama hapo.

Kikabaki kile nilichokichonga mimi. Nilikikwangua masizi yote mpaka mti ukaonekana, wa njano kati ya ndugu zake weusi. Kijana akakishika na penseli yake, akaniuliza, "Fundi, huu si wa zamani. Niuandike namba gani?"

"Andika mwaka," nikamwambia, "na jina langu."

Akaulaza pajani, akailowesha ncha ya penseli kwa ulimi, akaandika.